Jina Alilojipa Baba Mdogo

Kwa miaka sita niliitwa Mguu Upande, na aliyenipa jina hilo ni baba yangu mdogo, mdogo wake marehemu baba, wa tumbo moja. Nilianguka na baiskeli kwenye mteremko wa Katandala, mtaani kwetu Sumbawanga, nikiwa darasa la tano, mguu wa kushoto ukavunjika, na aliyeufunga aliufunga kama mtu anayefunga mzigo wa kuni huku akiwahi mvua. Ukapona, lakini ukapona ukiangalia pembeni. Baba mdogo akaja kunijulia hali. Akasimama mlangoni, akanikagua toka chini hadi juu, akasema, "Basi. Kuanzia leo huyu ni Mguu Upande." Mama akacheka, majirani wakacheka, nami nikacheka, maana nilikuwa mtoto na sikujua kwamba jina likishaingia mtaani halitoki.

Nilipofika kidato cha nne, msichana mkubwa, sikucheka tena. Kijana akitaka kunisalimia anaanza na "Mambo, Mguu Upande," halafu anashangaa kwa nini sijibu poa. Mgeni akiulizia nyumba yetu anaelekezwa kwa Mguu Upande. Niliapa kwamba huyu mzee ipo siku atanilipa. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Baba mdogo alipigana vita ya Kagera, na alirudi na mambo mawili: koti la jeshi na tabia ya kubatiza watu. Mama yangu, aliyekuwa akifungia unga na ufunguo akauning'iniza shingoni, alimwita Kota Masta, kama mtunza stoo wa jeshi. Kiongozi wa kwaya alikuwa King'ora. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi, aliyeanza kuzungumza asubuhi akafika kwenye jambo lenyewe mchana, aliitwa Gobori, ile bunduki ya kushindilia baruti. Hakuna aliyesalimika. Yeye mwenyewe alijitangaza kwa jina moja tu, Mzinga, na ole wako umwite vingine. Alisema wenzake walianza kwa kumwita Radi, kwa sababu kila Mfipa akienda ugenini watu humwogopa wakidai anaweza kutuma radi, lakini mkuu wa kikosi alipoona anavyosimama wima huku mabomu yakipasuka akasema huyu si Radi, huyu ni Mzinga kabisa. Hadithi hiyo niliisikia mara nyingi kuliko Salamu Maria.

Si kwamba alianzisha jambo geni. Kuwapa askari majina ni kazi ya zamani huku kwetu uwandani. Bibi yangu alikuwa akisema kila jeshi lililopita Ufipa lilipewa jina na wenye kuku, kwa sababu kuku wao ndio walioliwa. Walipita ruga-ruga, wale wapiganaji wa kukodiwa wa zamani, ambao hadi bibi anazeeka jina lao lilikuwa bado linatumika kunyamazisha watoto. Wakaja askari wa Mjerumani, na kijijini kwa kina bibi wakaitwa Leta-Leta, maana hilo ndilo neno walilotangulia kulisema kila mlango walioufikia. Waliopelekwa Burma na Mwingereza walirudi wakiitwa Keya, na Keya mmoja jirani yao aliitwa Nusu Biskuti, kwa kuwa alirudi na nusu ya biskuti ya jeshi akaitunza sandukuni mpaka akafa nayo. Na mabaharia wa ziwani, wale wa meli iliyokuwa ikitia nanga Kasanga na Kipili, bibi alisema majina yao mengine hayasemeki mbele ya wakwe. Kwa hiyo baba mdogo alikuwa na asili ya kutosha. Kosa lake lilikuwa moja: jina la askari hupewa na wengine, naye alijipa mwenyewe. Hilo sikulijua bado.

Zilikuwa enzi za ruksa. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya sabuni tuliamka siku moja tukakuta sokoni kila kitu kipo, kuanzia mafuta ya kunukia hadi redio kaseti na mablanketi yenye picha ya simba. Baba mdogo akaingia kwenye mitumba. Alijenga kibanda cha mabati, akaandika juu kwa rangi nyekundu MZINGA STOO, na ndani akabandika picha yake ya ujana akiwa na kombati, kifua mbele. Mimi nilipomaliza shule nikawa namshikia kibanda huku nikingoja matokeo.

Sasa huyu mtu alikuwa amefika arobaini hajaoa. Vita, halafu kutafuta maisha, halafu kuchagua sana. Mwaka huo akampenda mjane mmoja wa mtaa wa Malangali, mwanamke mpole, mshonaji, ambaye mume wake wa kwanza alikuwa askari pia na hakurudi kutoka vita ile ile. Baba mdogo alimpenda hadi akawa anasahau kubatiza watu. Anakaa kibandani anakunja shati moja mara tatu. Mimi nilimwonea huruma kidogo, kidogo tu.

Ugumu ulikuwa kwa baba wa yule mjane. Mzee wa watu alikuwa baharia mstaafu wa ziwani, mnene wa shingo, anayetembea kama sakafu inacheza, na alikuwa amekataa wachumba wawili kabla. Mkwe wake wa kwanza alikufa kishujaa, na mzee hakutaka anayemfuata awe wa kubahatisha. Alikubali posa ya baba mdogo kwa sababu moja, naye aliisema wazi mbele yetu siku tuliyopeleka jembe la posa na kuku: "Binti yangu alikuwa mke wa mwanajeshi kweli kweli. Namtoa tena kwa sababu namtoa kwa Mzinga." Baba mdogo akavimba kama andazi. Ndoa ikapangwa, na kanisani wakaanza kutangazwa, Jumapili tatu mfululizo kama ilivyo desturi.

Kati ya tangazo la pili na la tatu, akatokea yule Msukuma.

Alikuja kibandani siku ya Alhamisi, baba mdogo akiwa ameenda kufuata belo la nguo stendi. Jitu refu, fimbo mkononi, mmoja wa wale waliohama na ng'ombe zao kutoka kaskazini-magharibi wakateremka bondeni, upande wa Kaoze. Alikuwa amepandisha ng'ombe wa kuuza, baridi ya huku juu ikamkuta na shati jepesi, anatetemeka. Akaomba koti. Nikawa namtafutia linalomfika viganjani, mara nikasikia kimya. Nikageuka. Alikuwa amekodolea macho ile picha ukutani. Kisha akaanza kucheka. Jamani, alicheka yule mtu mpaka akakaa juu ya belo, machozi yanamtoka, fimbo imemwanguka.

"Blanketi!" akasema. "Blanketi yuko hai!"

"Blanketi ndiye nani?"

"Huyu! Tulikuwa naye handaki moja. Mizinga ikianza kulia yeye anavuta blanketi anajifunika gubigubi, kichwa na vyote. Kikosi kizima kilimwita Blanketi. Na hapo mlangoni mmeandika nini? Mzinga? Loo!"

Hapo ndipo shetani aliponikalia begani, nami nikamsogezea kiti. Ningeweza kumwambia angoje mwenzake arudi, wakumbatiane, wanywe pombe ya ulezi yaishe. Badala yake nilimvalisha koti, nikamfunga vifungo kama mtoto mwema, nikamwambia, "Mjomba, umekuja wakati mzuri. Rafiki yako anaoa. Jumapili anatangazwa kanisani, na huwa wanauliza kama kuna mtu anayemjua bwana harusi aseme. Na hapa kwetu hana hata shahidi mmoja wa kumsemea aliyekuwa naye vitani."

Akasikitika kabisa. "Hana hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi nitakuja."

Mkatoliki yeyote wa Sumbawanga, hata yule anayesinzia tangu ishara ya msalaba hadi baraka, anajua kwamba tangazo la ndoa halijibiwi. Ukijua kizuizi unakwenda ofisini kwa padre, mnafunga mlango. Lakini yule ndugu hakuwa mtu wa kanisa, na kwao jambo la mtu husemwa kwenye mkutano, watu wote wakisikia, ili kesho asije mtu akasema hakuambiwa. Mimi nililijua hilo, maana bondeni walikuwa wakikutana hivyo hivyo, na habari zao zilikuwa zikipanda huku na wauza samaki. Nilijua vizuri sana nilichokuwa nakifanya.

Jumapili kanisa lilijaa. Baba mdogo alikaa mbele na suti ya mitumba iliyomkaa vizuri kuliko aliyeshonewa. Yule mjane alikaa upande wa pili na wazazi wake. Mimi nilikaa nyuma karibu na mlango, na Msukuma wangu, ndani ya lile koti, karibu na nguzo. Baada ya komunyo katekista akasoma matangazo: usafi wa kigango, mkutano wa wazazi, kisha ndoa. Akamaliza kama anavyomaliza siku zote, kwamba yeyote anayejua kizuizi chochote juu ya watu hawa anatakiwa aseme.

"Mimi ninamjua huyu!" ikatoka sauti kwenye nguzo.

Kanisa zima likageuka. Mtoto aliyekuwa analia akanyamaza. Yule ndugu alikuwa amesimama, fimbo ameiweka chini kwa heshima, uso unang'aa kwa furaha.

"Nilikuwa naye vitani. Ninyi mnamwita Mzinga. Mzinga si yeye. Mizinga tulikuwa nayo, naijua. Huyu ni Blanketi. Adui akifyatua, anajifunika. Sisi tukifyatua, anajifunika. Hata lori likipata pancha, anajifunika!"

Sijawahi kusikia kicheko cha namna ile ndani ya nyumba ya Mungu. King'ora alicheka hadi akashikilia kinanda. Gobori, ambaye hucheka siku inayofuata, alicheka siku hiyo hiyo. Kila mtu aliyewahi kubatizwa na baba mdogo alikuwa mle ndani, na mwosha huoshwa. Nami nilicheka. Nilicheka na mguu wangu upande.

Padre akainua mkono, akauliza kwa sauti ya kujikaza, "Ndugu yangu, unayajuaje haya kwa hakika?"

"Nisijue vipi, baba? Nilikuwa ndani ya hilo blanketi. Mimi mrefu, miguu yangu ndiyo iliyokuwa inabaki nje."

"Na unaona hicho ni kizuizi cha ndoa?"

"Kizuizi? Hapana! Mtu mzuri sana huyu. Nimeambiwa hana shahidi, nikaja."

Watu wakacheka upya. Lakini mimi wakati huo nilikuwa namtazama baba mdogo, nikaacha kucheka. Hakugeuka nyuma. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mabega yale aliyokuwa anayabeba kifua mbele yameshuka kabisa, amekuwa mzee mbele ya macho yangu. Kisha nikamwona baharia mstaafu anainuka. Akamshika mke wake mkono, akamshika binti yake mkono, wakatoka kabla ya baraka. Yule mjane hakucheka wala hakulia. Alipita karibu nami akitazama sakafu.

Nje uwanjani Msukuma alimwendea rafiki yake mikono imefunguka. Wakakumbatiana, na sikuona baba mdogo akimsukuma. Nilikuwa nanyata kuondoka, nikasikia, "Una binti mwerevu! Yeye ndiye aliyenialika!"

Baba mdogo akanitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi, kwa matusi, hata kwa jina jipya baya kuliko la kwanza. Akaniita kwa jina langu la ubatizo, lote, kama linavyosomwa kwenye cheti. Akasema, "Nenda nyumbani." Hakuwa amewahi kuniita hivyo maishani mwangu. Nilirudi Katandala peke yangu, na kwa mara ya kwanza nililiona jina langu ni geni, kama la mtu aliyefukuzwa shule.

Jumatatu hakufungua kibanda. Jumanne alipanda juu ya mabati akafuta maandishi kwa mafuta ya taa, hakumaliza, likabaki STOO. Jumatano ukaja ujumbe kutoka Malangali kwamba tukachukue jembe letu.

Tulikwenda mama, mimi na baba mdogo. Mama alinibebesha chungu cha pombe ya ulezi njia nzima na hakunipokea hata kwenye mteremko, na nilistahili. Tulipofika, jembe lilikuwa limeegemezwa nje ya mlango, makali yanatazama barabarani. Ukiona jembe la posa limewekwa hivyo, huhitaji kuelezwa. Tukapiga magoti, tukasalimia shikamoo, tukaitikiwa, tukakaa.

Mzee hakuzunguka. "Mimi nilipokea posa ya Mzinga," alisema. "Huyu Blanketi simjui."

Niliona lazima niseme. Nikasema, "Babu, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemdanganya yule mgeni aende kanisani."

"Alisema uongo yule mgeni?"

Baba mdogo akajibu badala yangu.

"Hakusema uongo, baba. Niliogopa. Niliogopa siku ya kwanza na niliogopa siku ya mwisho. Nilikwenda kila nilipotumwa, lakini niliogopa. Jina la Mzinga nilijipa kwenye lori tunarudi, tulipopita Tunduma. Nilikuwa natafuta jina la kuingia nalo nyumbani." Akasimama, akaanza kuelekea kwenye jembe.

Bibi wa nyumba ile, mama yake yule mjane, alikuwa anatuchujia pombe bila kuinua uso. Akasema sasa, kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi, "Hivi, Samaki Watashiba naye alirudishiwa jembe?"

Mzee akashtuka. "Mama watoto, nyamaza."

"Nauliza tu. Kijana mmoja alikuja kwetu anajiita Nahodha. Wenzake wa melini wakanieleza kwamba mwaka wake wa kwanza alitapika toka Kasanga hadi Kigoma, na kurudi, mpaka wakawa wakimwona anakimbilia ukingoni wanaimba, samaki watashiba! Na baba yangu alimpokea."

Mama yangu akaziba mdomo kwa kanga. Mimi nikatazama chungu. Shingo ya mzee ilivimba, ikawa nyeusi, na nilidhani atatufukuza sote pamoja na mke wake. "Kutapika si kuogopa," alisema mwishowe, lakini hakusema kwa nguvu.

Hapo ndipo yule mjane alipotoka chumbani. Alikuwa na sindano yake imechomekwa kifuani, uzi unaning'inia. Akapiga goti mbele ya baba yake.

"Baba," alisema, "yule wa kwanza hakujifunika. Walikuja maafande watatu kunieleza, kwa sifa, kwamba wenzake walilala chini yeye akabaki amesimama. Wakanipa begi lake na hizo sifa. Begi lilishachakaa. Sifa bado ninazo, na baridi ya hapa mnaijua. Nimelala nazo miaka yote hii hazijanipasha mgongo." Akamgeukia baba mdogo, ambaye mkono wake ulikuwa tayari kwenye mpini. "Huyu anajua kujifunika. Namtaka huyu. Lirudishe ndani hilo jembe."

Hakuna aliyecheka. Mzee akatazama mikono yake, kisha akamwambia mke wake amiminie wageni. Baba mdogo alilibeba jembe kulirudisha ndani akagonga fremu ya mlango, maana alikuwa haoni vizuri kwa machozi.

Walifunga ndoa baada ya mavuno. Wakati wa kutuza ulipofika, kwaya ikaanza kuimba, wakaingia watu wanacheza toka mlangoni, na kila mmoja ameshika blanketi. Gobori na blanketi. King'ora na blanketi. Mama yangu Kota Masta alitoa la kwake la ndani kabisa ya sanduku. Msukuma alikuja na mtamba pamoja na blanketi refu, akatangaza kwamba hili linafika miguuni. Enzi zile za ruksa yalikuwa yamejaa sokoni, lakini nadhani siku ile yaliisha mjini. Baba mdogo alicheka hadi akaegemea bega la mkewe. Mtaa mzima ukamwita Blanketi, naye akawa anaitika.

Mimi nilipeleka langu, lenye picha ya simba. Akalipokea, akasema ahsante, na akaniita kwa jina langu la ubatizo.

Ikawa hivyo mwaka mzima. Nikimsalimia, "Shikamoo, baba mdogo," ananijibu, "Marahaba," na lile jina lote la kwenye cheti. Hakuninyima kitu. Alinilipia hata ada ya chuo. Lakini wengine wote aliwaita kwa majina aliyowapa, na mimi nilisimama pembeni na jina langu safi, nikawaonea wivu Gobori na Kota Masta. Niliyemchukia kwa jina sasa nilikuwa namlilia jina.

Mwezi wa sita uliofuata, baridi ya kukata masikio, mkewe akajifungua. Nilikwenda asubuhi kumwona mtoto. Nilibisha, nikafungua mlango, nikabaki kizingitini, mlango wazi. Baba mdogo alikuwa kitandani amejikunja na mwanawe kifuani, blanketi limewafunika wote wawili gubigubi, vinaonekana vidole vya miguu tu. Akatoa kichwa nje akanitazama.

"Wewe Mguu Upande," akasema, "funga mlango, unatuingizia baridi. Halafu lete lile lenye simba."

Nikafunga mlango. Nililia nikilitafuta lile blanketi, na nilipolipata nikawafunika vizuri, kuanzia miguuni.